Uganda: Magwangala ya Kilembe

Uganda ina watu wapatao milioni 46 kwa sensa ya 2024. Ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mji mkuu ni Kampala, zao kuu la biashara ni kahawa, na matoke ndiyo chakula. Msafiri wa Chiola, wilayani Nachingwea, alirudi na kurasa mbili za tarakimu kama hizo, lakini alipoulizwa habari za huko alianza na Kilembe, na hakutoka tena hapo.

Kilembe ni bonde jembamba juu ya mji wa Kasese, ubavuni mwa milima ya Rwenzori. Huko juu ni nyika ya baridi, tope na lobelia ndefu kuliko mtu, na maji yake hushuka kwa Mto Nyamwamba. Shaba ilichimbwa bondeni kuanzia 1956 hadi 1982, kampuni ya Falconbridge ya Kanada ikiwa mbele kwa sehemu ya kipindi hicho. Mwaka huohuo wa 1956 reli ilifika Kasese, na shaba ikawa inakwenda kuyeyushwa Jinja kulikokuwa na umeme wa Owen Falls.

Leo reli nyembamba ya vitoroli inaingia gizani, na maji yanayochuruzika handakini yameacha ukoko wa kijani, kama wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa.

Ila kilichomnasa msafiri ni magwangala na marudio, yaani mawe na masalia yanayobaki madini yakishatolewa. Kule Kasese lililundikwa jiwe la pairaiti (madini ya chuma na salfa) kutoka mgodini, lenye kobalti, karibu tani milioni moja. Mvua ikalitoa asidi iliyounguza majani hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwaka 1999 kiwanda kikaanza kutumia bakteria, vijidudu hai, kulimeng'enya jiwe na kuachia kobalti. Hili alilirudia mara tatu, wasikilizaji wakidhani anatania.

Nachingwea nayo ina nikeli, katika kilima cha Ntaka, na iko kwenye mwamba wa salfaidi, wa ukoo uleule wa pairaiti. Lakini kwetu gumzo la mgodi huishia kwenye fidia na ajira, kama korosho inavyoishia kwenye bei ya kilo. Nani ameuliza marudio yatalala wapi?

Kilembe jibu linaonekana mtoni. Nyamwamba ulifurika Mei 2013, na Mei 2020 ukaibomoa hospitali ya mgodi na kuzoa marudio kuelekea chini. Msafiri alikuwa ameinama akiokota kokoto ya rangi ya kutu, jua likiwaka, mwenyeji wake akamgusa bega.

“Mzee, twende. Juu kumeshanyesha.”