Tarehe ya Picha Huanza na Maji

Chukua picha moja ya tangazo la nguo: mwanamitindo amesimama ufukweni Paje, kusini mashariki mwa Unguja, maji yamemfika vifundoni, jua la asubuhi limemlalia shavuni. Watu watauliza nani kaipiga. Ni nadra kuulizwa nani alijua kwamba asubuhi ile, saa ile, maji yangekuwepo.

Aliyejua ni prodyuza. Kamera haigusi. Kazi yake ni kuwakutanisha watu, nguo, vifaa, vibali, chakula na fedha mahali pamoja kwa muda mfupi usiorudi. Wengi hudhani kinachomsumbua ni wanamitindo wenye maringo. Wapo, lakini si wengi. Kinachomkosesha usingizi ni hesabu.

Pwani ya mashariki ya Unguja ni tambarare. Wakati wa bamvu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita nne, na bahari hurudi nyuma hadi ibaki mistari myeupe ya mawimbi kule kwenye miamba. Bamvu huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, kisha hupwa kabisa kwenye saa nne. Sasa, Paje inatazama mashariki. Mwanga mzuri juu ya bahari ni wa asubuhi, maana jioni jua huzama nyuma ya minazi. Mteja akichagua siku ya mwezi mpevu kwa kuwa tu imeangukia Jumamosi, jua litachomoza maji yakiwa tayari yanaondoka, na kufika saa mbili atakuwa anapiga picha mchanga na madimbwi.

Kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Kwa hiyo anayejua kusoma jedwali la maji huhesabu siku nne au tano baada ya mwezi mpevu, ili kujaa kuangukie karibu na saa moja asubuhi. Tarehe hupatikana hapo kwanza, ndipo zikatwe tiketi za ndege. Nimeona mawakala wa matangazo wakifanya kinyume chake, halafu wakamlaumu mpiga picha.

Jua nalo halisubiri. Karibu na ikweta hupanda wima, nyuzi 15 kwa saa, na mwanga laini huisha baada ya saa moja au zaidi kidogo. Mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye tarehe 8 au 9 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi huko Unguja. Sura hupigwa vivuli na macho yakawa mashimo. Ukitaka picha ya kwanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na mwanamitindo anahitaji saa mbili za kusukwa na kupambwa, basi mpambaji aanze saa kumi na nusu alfajiri. Hapo ndipo mvutano wa bajeti unapoanza: mteja haoni kwa nini timu nzima ilale Paje wakati hoteli ya Mjini alishailipia.

Kusi likivuma, kati ya Juni na Septemba, lete mifuko ya mchanga na vijana wawili wenye nguvu, vinginevyo kiakisi mwanga kitaondoka kama tanga.

Kibali cha maandishi kutoka serikalini hakitoshi. Nenda kwa sheha mapema, tena wewe mwenyewe, usimtume dereva. Ufukwe ni njia ya watu wa kijiji na ni shamba lao pia: bamvu hilohilo linalomharibia prodyuza mandhari ndilo linalowawezesha kina mama wa mwani kufika kwenye mistari yao, kilimo kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Mpiga picha atawaona na kutaka kuwatia kwenye fremu kama mapambo. Waulizwe kwanza, waelezwe picha itatumika wapi, walipwe. Hilo ni suala la heshima, na sheria nazo zimeanza kuuma. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya, mwaka 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikatozwa milioni 4.55 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia.

Halafu fedha. Dereva, mpishi na kijana wa jenereta wanalipwa siku ileile, taslimu au kwa simu. Wakala wa matangazo analipa baada ya siku 60, au 90. Katikati anasimama prodyuza, anaikopesha kampuni kubwa kuliko yeye bila riba, na mhasibu wa kampuni hiyo anamdai risiti ya mashine kwa chapati alizonunua kwa mama lishe saa kumi na moja alfajiri. Kwangu mimi, asiyepewa angalau nusu ya fedha kabla hajapiga simu ya kwanza akatae kazi.

Kuna mstari mmoja katika bajeti ambao mteja huufuta kabla ya mingine yote: siku ya akiba, iwapo mvua itanyesha. Akiufuta, mkataba useme wazi nani atalipa mvua ikinyesha kweli, na useme hivyo kabla ya vuli. Watu wakiwa tayari wamesimama ufukweni chini ya mwavuli, kila mmoja ana kumbukumbu yake ya walichokubaliana.