West Nile: Mradi huisha, cherehani hubaki

KOBOKO. Barabara ya lami inayoanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mlango wa kuingilia Sudan Kusini. Ni kilomita 92 tu. Kando yake wapo wachomeleaji wa milango, mafundi cherehani barazani, na vijana wa kutengeneza bodaboda. Nani alipe gharama ya kumfanya kijana kuwa fundi, na akishakuwa fundi vifaa apate wapi? Serikali imelijibu swali hilo mara nyingi, kila mara kwa jina jipya.

Wakoloni hawakulijibu kwa mafunzo. Makerere ilipofunguliwa mwaka 1922 ilikuwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, lakini hiyo ilikuwa Kampala. West Nile ilitazamwa kama ghala la vibarua na askari. Kodi ilimlazimu kijana kutafuta fedha taslimu, naye akaenda kwenye mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, au akaingia jeshi la KAR kama alivyofanya Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa huku Koboko. Amin alipoangushwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa hapa walikimbilia Sudan na Zaire. Waliporudi, mengi yalikuwa ya kuanza upya.

Fedha nyingi zilikuja mwaka 2003 kupitia NUSAF, mfuko wa kujenga upya kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwemo, kwa mkopo wa Dola milioni 100 za Marekani kutoka Benki ya Dunia. Ndani yake kulikuwa na mpango wa vijana wa miaka 16 hadi 35. Walijikusanya, wakaandika ombi, wakachagua wenyewe ufundi na mwalimu. Kikundi kilichokubaliwa kiliwekewa fedha zote benki kwa mkupuo, bila kudaiwa na bila msimamizi wa kuwafuata nyuma. Kwa wastani kila kijana aliangukiwa na Dola 382, karibu sawa na mapato yake ya mwaka mzima.

Fedha hazikutosha. Mwaka 2008 vikundi 535 vilivyokuwa vimefuzu vilipigiwa kura, vikapata takriban nusu yake. Kura hiyo iliwapa watafiti Christopher Blattman, Nathan Fiala na Sebastian Martinez nafasi ya kuwalinganisha waliopata na waliokosa. Baada ya miaka minne waliopata walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 38, na sehemu kubwa ya fedha walikuwa wamenunulia vifaa na kulipia mafunzo. Hawakuzinywea pombe, kama wengi walivyotabiri.

Lakini watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa. Kipato cha waliokosa kilikuwa kimewafikia wenzao, kwa vibarua na biashara ndogondogo. Waliopata bado walikuwa na vifaa vingi zaidi, na wengi zaidi walikuwa mafundi. Kwa maoni yangu matokeo hayo hayaonyeshi kuwa fedha zilipotea. Kijana aliyepata cherehani mapema alikula miaka kadhaa ambayo mwenzake alilala njaa.

Ajabu ni kwamba mpango wa taifa uliofuata haukuendeleza mtindo huo. Programu ya Riziki ya Vijana, iliyoanza mwaka wa fedha 2013/14 kwa Shilingi bilioni 265 za Uganda kwa miaka mitano, ilikuwa mkopo wa kurudishwa, na urejeshaji ukageuka kero kwa maofisa wa wilaya. Mkakati wa Skilling Uganda nao uliletwa huku na Wabelgiji na Umoja wa Ulaya, hasa wakimbizi wa Sudan Kusini walipofurika. Tangu 2022 kila parokia huahidiwa Shilingi milioni 100 kwa mwaka, ambazo zaidi ni za kilimo na ufugaji.

Majirani wamechukua njia nyingine. Kenya humtoza mwajiri Shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara na sasa imeshuka hadi 3.5, na sehemu yake huendesha vyuo vya VETA. Waajiri huilalamikia kila mwaka, lakini haingoji mfadhili atie saini. Uganda imeizungumzia tozo ya aina hiyo kwa miaka mingi.

Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, kwa hiyo Koboko, iliyokuwa pembeni kabisa, sasa imezungukwa na soko. Kila Juni baadhi ya nchi wanachama, Uganda ikiwemo, husoma bajeti zao. Fundi wa hapa ana fungu moja la kutazama, la mafunzo ya ufundi: je, safari hii lina chanzo cha kudumu, au limepewa jina jipya tu?