Helmeti Haivunji Shingo

"Daktari, si ndiyo helmeti inayovunja shingo?" Nimeulizwa hivyo Tunduma, nimeulizwa Vwawa, na sasa naulizwa hata na vijana wa bodaboda wanaopanda na kushuka milima ya Ileje kati ya Ikinga na Itumba. Anayeuliza mara nyingi helmeti anayo, ila ameitundika kwenye kioo cha pikipiki akimsubiri trafiki. Nimechoka kulijibu swali hili kijiwe kwa kijiwe. Jibu ni hapana.

Wanaoamini hivyo husema helmeti ni nzito, kwamba ukianguka inavuta kichwa na shingo inakatika. Helmeti ya kawaida ina kilo moja na nusu hivi. Kichwa chenyewe ni kilo nne hadi tano, na shingo inakibeba kutwa nzima bila kulalamika. Uvumi huu ulipata nguvu kwa utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1986, uliodai kwamba pigo likizidi kiwango fulani helmeti huongeza madhara ya shingo. Waliopinga sheria ya helmeti kule waliung'ang'ania kwa miaka mingi. Mwaka 2011 madaktari wa Johns Hopkins walipitia kumbukumbu za majeruhi wa pikipiki zaidi ya 40,000, wakakuta waliovaa helmeti wana uwezekano mdogo kwa asilimia 22 wa kuumia mifupa ya shingo kuliko wasiovaa. Yaani helmeti hiyo hiyo inayosingiziwa ndiyo inayoisaidia shingo.

"Mbona fulani alivaa, na shingo ikavunjika?" Kwanza niambie nani alimvua. Ajali ikitokea Mpemba watu hujaa. Mmoja hushika helmeti kwa mikono miwili na kuivuta kama anang'oa muhogo, huku mwenzake kashikilia miguu. Kisha majeruhi hupakiwa mshikaki katikati ya watu wawili, kichwa kikiyumba njia nzima hadi hospitali. Mfupa uliokuwa na ufa unaachana hapo, uti wa mgongo unakatwa, na lawama inaangukia helmeti. Acheni kufanya hivyo! Kama anapumua, mwacheni nayo; inueni kioo cha mbele, mmoja ashike kichwa kisisogee, wengine watafute gari ambalo atalala chali. Kama hapumui au anatapika, ivueni, lakini kwa watu wawili: mmoja ameshika shingo na taya, mwingine anaitoa taratibu.

Wengine hujitetea kwamba safari ni fupi, wanaishia sokoni tu. Kichwa kikidondoka kutoka usawa wa mtu aliyeketi kwenye pikipiki, mita moja na nusu hivi, kinafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 20 kwa saa. Hapo pikipiki imesimama. Ongeza mwendo, ongeza na malori yaliyopanga foleni kuelekea mpaka wa Nakonde. Mapitio ya tafiti 61 yalionyesha helmeti hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hakuna dawa ninayoweza kumpa mtu baada ya ajali ikamsaidia kiasi hicho.

Sasa la kufanya. Nunua inayobana bila kuumiza. Ukitikisa kichwa isicheze. Funga mkanda wa kidevuni, kwani usipofungwa helmeti inaruka kabla yako. Bonyeza ndani kwa kidole gumba: usipokuta tabaka gumu la povu chini ya kitambaa, hiyo ni kofia tu. Ya mafundi ujenzi haifai barabarani. Iliyopata ajali itupe, kwa sababu lile povu hufanya kazi mara moja tu. Abiria anayeogopa fangasi avae kitambaa safi ndani. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva avae, na kanuni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010 zikamgusa na abiria.

Nanyi mabosi mnaowakabidhi vijana pikipiki za mkataba: mnadai hesabu ya kila siku bila kukosa. Basi kila pikipiki itoke na helmeti mbili, na kijana asiyefunga mkanda asipewe ufunguo.