Nukta Nundu na Kompyuta Huria katika Nchi ya Chai

Katika nyanda za Kericho na Bomet nchini Kenya, ambako mvua ya alasiri huyapiga mabati kwa kishindo hata waliokaa meza moja wakalazimika kunyamaza, kompyuta inayosema kwa sauti haimtoshelezi mtu asiyeona. Na hata siku ya ukavu, sauti kwa kawaida humpa matamshi ya neno tu, haimpi tahajia yake, wala mahali ilipo nukta au mkato, na ikimsomea hesabu kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini hukaribiana mno masikioni. Basi mkulima au karani asiyeona, anayetaka kuhakiki mwenyewe kilo za majani mabichi zilizopelekwa kiwandani Litein au Kapkoros, hana budi kuzisoma tarakimu hizo kwa vidole vyake.

Hapo ndipo inapodhihirika fadhila ya kifaa cha breli, yaani nukta nundu, cha kielektroniki. Ni kisanduku bapa kinachowekwa mbele ya kibodi, chenye safu moja ya seli, aghalabu 20, 40 au 80, na kila seli ina vijiti vidogo 8 vinavyoinuka na kuzama kwa amri ya kompyuta, hata maandishi yaliyo kwenye skrini yakasomeka kwa kupapaswa. Nukta 6 za juu ndizo zile za Mfaransa Louis Braille, aliyepofuka utotoni na kuuchapisha mfumo wake mwaka 1829. Mbili za chini zimeongezwa kwa ajili ya kompyuta, na kwa hizo michanganyiko 64 ya asili ikawa 256.

Lakini kifaa bila programu ya kukiongoza ni bubu, na mintarafu ya programu, Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, unastahiki sifa ambayo haijavuma vya kutosha. Mwaka 1995 ilizaliwa BRLTTY, programu iliyoanzishwa na Nikhil Nair na kutunzwa kwa miaka mingi na Dave Mielke, ambaye mwenyewe haoni. Kazi ya BRLTTY ni kuchukua maandishi ya skrini na kuyapeleka kwenye seli, pasipo kuhitaji picha wala kipanya. Na kwa kuwa mstari wa skrini ya maandishi kwa desturi una nafasi 80, kifaa cha seli 40 huusoma kwa mikupuo miwili tu. Anayependa madirisha na picha hutumia programu ya Orca, ambayo husoma kwa sauti na kwa breli pia.

Jambo lililo kubwa zaidi ni hili: katika Debian, mojawapo ya matoleo mashuhuri ya Linux, BRLTTY imo ndani ya kisakinishi chenyewe, na aghalabu kifaa kikichomekwa kwa waya wa USB hutambuliwa papo hapo, hata mtu asiyeona akaweza kuisimika kompyuta yake tangu hatua ya kwanza mpaka ya mwisho bila kumwomba jirani macho yake. Mwenye kuandika barua ya siri au kulinda neno lake la siri anajua thamani ya faragha hiyo.

Fauka ya hayo, Kiswahili chetu hakikusahauliwa. Maktaba huria ya Liblouis, inayogeuza herufi za kawaida kuwa breli, ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya. Na maadamu ni huria, mwalimu wa Silibwet akiona kasoro ana haki ya kuisahihisha, na Kikipsigis nacho, kinachoandikwa kwa herufi za Kilatini, hakina kizuizi cha kuandaliwa jedwali lake.

Uzito umebaki mahali pamoja, nao ni bei ya kifaa. Vifaa vya seli 40 aghalabu huuzwa kwa maelfu ya dola za Marekani, fedha ambazo mchuma chai hawezi kuziota. Ndiyo maana Orbit Reader 20, chenye seli 20 na bei nafuu zaidi, kilichosambazwa katika shule kadhaa za Kenya na Kilimanjaro Blind Trust, kimekuwa faraja. Kina betri na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, hata umeme ukikatika msomaji huendelea na kitabu chake.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiamuru Dola kuendeleza matumizi ya breli, na kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo. Mtoto wa Sotik aliyefundishwa breli katika shule ya wasioona ya Thika au Kibos hapaswi kurudi nyumbani akaiacha elimu yake langoni. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezikabidhi kaunti maktaba na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi serikali za Kericho na Bomet na zianzie hapo. Programu hazina bei. Kwa hiyo kila shilingi itakayotengwa na iende kwenye vifaa na katika mafunzo ya walimu, na kila maktaba ya kaunti iwe na angalau kompyuta moja ambayo raia asiyeona ataiwasha, ataisoma na kuizima kwa mkono wake mwenyewe.