Hati, Bili au Stakabadhi? Istilahi za Nyaraka za Shehena ya Baharini na Mfanyabiashara wa Nchi Isiyo na Pwani

Mfanyabiashara wa Kampala au Bujumbura anayeagiza bidhaa ng'ambo mara nyingi hulipia karatasi kabla ya kuiona bidhaa yenyewe. Mawakala wa forodha huiita karatasi hiyo kwa herufi mbili tu, BL. Katika maandishi ya Kiswahili huitwa hati ya shehena, hati ya upakiaji, na wakati mwingine bili ya mizigo. Makala haya yanaeleza kazi za waraka huo na kuonyesha kuwa mparaganyiko wa majina yake una gharama nje ya kurasa za kamusi.

Waraka huo una kazi tatu. Ni stakabadhi ya mchukuzi kwamba amepokea shehena ya idadi na hali iliyotajwa. Ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi. Na, jambo linaloutenga na karatasi nyingine za bandarini, ni ufunguo wa shehena. Ukiandikwa "kwa amri ya" fulani, naye akausaini nyuma, haki ya kudai mzigo humhamia mwingine hata meli ikiwa katikati ya bahari. Desturi hiyo ya wafanyabiashara ilitambuliwa na mahakama za Uingereza katika shauri la Lickbarrow dhidi ya Mason, mwishoni mwa karne ya 18. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi 3. Moja ikishatumika kutolea mzigo, nyingine hukosa nguvu.

Hapa ndipo tafsiri hupotosha. Kuiita kazi hii ya tatu "hati ya umiliki" kunamfanya msomaji aifikirie kama hati ya kiwanja. Waraka unampa mshikaji haki ya kukabidhiwa mzigo. Nani anaumiliki ni suala la mkataba wa mauzo. Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa wafanyabiashara: jina "hati ya shehena" hupewa pia waraka wa uchukuzi usiohamishika, ambao mpokeaji aliyetajwa huchukua mzigo kwa kujitambulisha tu, na hata orodha ya mizigo yote melini, inayotayarishwa kwa ajili ya forodha na isiyompa mtu haki yoyote. Mwenye kivuli cha nakala hudhani ameshika mzigo. Anapoitafuta nakala halisi, kontena hukaa bandarini na ada za hifadhi huongezeka.

Kiswahili hakijapungukiwa na malighafi. Nauli, neno lililotufikia kupitia Kiarabu, lilihusu malipo ya chombo cha majini kabla ya kuwa la abiria wa basi. Stakabadhi ina mzizi mmoja na kukabidhi, na wakulima wa korosho wa kusini mwa Tanzania wameizoea katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambamo karatasi huwakilisha mazao yaliyomo ghalani. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza "stakabadhi ya shehena" kwa waraka unaohamishika peke yake, "waraka wa uchukuzi" kwa usiohamishika, na "orodha ya shehena" kwa ule wa forodha.

Pendekezo hili linagusa sera moja kwa moja. Uganda, Tanzania, Kenya na Burundi ni wanachama wa Kanuni za Hamburg za 1978, zilizoanza kutumika 1992. Matini zake rasmi ziko katika lugha 6 za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo. Chini ya Kanuni hizo, wajibu wa mchukuzi wa baharini huishia anapoukabidhi mzigo kwenye bandari ya kupakulia. Safari ya barabarani hadi Malaba au Kobero haimo. Mzigo wenye kasoro zinazoonekana hulalamikiwa kwa maandishi kabla ya kwisha siku ya kazi inayofuata makabidhiano. Kasoro zisizoonekana zina siku 15 mfululizo. Notisi isipotolewa, makabidhiano yenyewe huwa ushahidi wa awali kwamba mzigo ulifika kama ulivyoelezwa katika waraka, na mpokeaji ndiye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha kinyume. Kifungu hicho cha notisi ndicho kinachostahili kutafsiriwa kwanza.