Gari la mtumba Birmingham: soma historia kabla ya rangi

Ukiona gari la dizeli la mwaka 2013 linauzwa bei ya kutupa mjini Birmingham, usikimbilie kutoa pochi. Tangu Juni 2021 katikati ya mji huu pana Eneo la Hewa Safi, ndani ya barabara ya mzunguko ya A4540. Gari dogo la dizeli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 6, au la petroli lililo chini ya Euro 4, hulipa pauni 8 kila siku linapoingia humo. Dizeli nyingi zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015 zinaangukia hapo. Kwa mfanyakazi anayeingia mjini siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, hizo ni pauni 1,920. Huo ni ubovu ambao fundi hauoni hata akilala chini ya gari mchana kutwa.

Birmingham ni mji uliolelewa na magari. Kiwanda cha Longbridge kilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Mini ikatengenezwa pale kuanzia 1959. Kampuni ya MG Rover, iliyokiendesha mwishoni, ikafilisika Aprili 2005 na watu wapatao 6,000 wakakosa kazi. Biashara ya mitumba imebaki, na sisi watu wa Afrika Mashariki tumo ndani yake kama wanunuzi. Wengi wetu tunanunua kwa neno la jamaa: "Chukua tu ndugu yangu, gari la mwenzetu hili, halina shida." Udugu nauheshimu sana. Lakini jamaa huyo hajafungua boneti.

Jambo la kwanza ni kujua unanunua kwa nani. Sheria ya Haki za Walaji ya 2015 inampa aliyenunua kwa mfanyabiashara siku 30 za kulirudisha gari bovu na kudai pesa yake yote. Aliyenunua kwa mtu binafsi hana kinga hiyo. Muuzaji wa aina hiyo anabanwa hasa asiseme uongo kuhusu gari. Ndiyo maana wapo wafanyabiashara wanaojifanya raia wa kawaida wanaouza gari la nyumbani. Mpigie muuzaji simu useme, "Nauliza kuhusu lile gari." Akikujibu, "Gari lipi?" ujue anayo mengi.

Kisha soma historia. Hapa Uingereza gari likitimiza miaka mitatu hufanyiwa ukaguzi wa lazima kila mwaka, uitwao MOT, na matokeo yake tangu 2005 yako wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, kwa namba ya gari tu. Tazama maili mwaka hadi mwaka. Zikisoma 92,000 mwaka huu na 61,000 mwaka unaofuata, kuna mkono umepita kwenye dashibodi. Soma pia maonyo ya mkaguzi: kutu iliyotajwa miaka mitatu mfululizo haijaondoka yenyewe. Kwa ada ndogo utapata ripoti ya kampuni binafsi inayokuonyesha kama gari linadaiwa mkopo, limeibwa, au liliwahi kufutwa na bima. Kwa gari lililofutwa, daraja S ni lililoumia kwenye muundo wake, N ni lililoumia kwingineko. Mkopo ambao haujalipwa unaweza kumleta mkopeshaji mlangoni kwako. Kadi ya gari, V5C, nayo inamtaja mwenye dhamana ya usajili, si lazima mwenye mali. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye kadi hiyo na ile iliyo chini ya kioo cha mbele.

Ndipo ushike gari lenyewe, mchana, pasipo mvua, kwa kuwa matone huficha mikwaruzo. Majira ya baridi barabara za hapa humwagiwa chumvi, hivyo piga magoti utazame chini. Rangi nzito nyeusi iliyopakwa juzi inaweza kuwa imefunika kutu. Gusa injini kabla haijawashwa, uhakikishe ni baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe mfano wa mtindi, huenda ni unyevu wa safari fupi za baridi, au gasketi ya silinda hedi imeungua. Chungulia tangi la maji ya rejeta: mafuta yakielea, funga mjadala.

Anayetaka kulipeleka nyumbani ana hesabu nyingine. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hata lililo ndani ya umri huo lazima likaguliwe kabla ya kupakiwa melini.

Ukishakubali bei, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2014 kodi ya barabara haimfuati mnunuzi: lipia kodi na bima kabla ya kugusa usukani. Lakini kabla ya kufikia bei, kama muuzaji ameliwasha gari likapata joto kabla hujafika, mwombe urudi kesho asubuhi na fundi wako. Akikataa, liache.