Mgomba mwitu ni mmea gani? Umuhimu wa jina la kitaalamu katika tiba

Mgonjwa anapomweleza mtoa huduma kwamba ametumia dawa ya mgomba mwitu, maelezo hayo huandikwa katika jalada kana kwamba mmea wenyewe umekwisha kutambuliwa. Jina hilo laweza kumaanisha mmea wa asili wa misitu ya milimani, kama ile ya Udzungwa inayoinuka juu ya Kisawasawa na bonde la Kilombero. Laweza pia kumaanisha mgomba wa kawaida uliotelekezwa ukaota vichakani. Mimea hiyo miwili ni ya familia moja, lakini si ya jenasi moja.

Familia ya migomba

Familia ya Musaceae ina jenasi tatu: Musa, Ensete na Musella. Musella ni ya China, nasi hatuna haja ya kuijadili hapa. Spishi za mwitu za Musa asili yake ni Asia ya kitropiki hadi visiwa vya magharibi mwa Pasifiki. Afrika haina hata moja ya asili. Migomba mingi tunayolima imetokana na spishi mbili za huko, Musa acuminata na Musa balbisiana, zilizopewa majina hayo na Mwitalia Luigi Colla mwaka 1820. Mwaka 1955 Simmonds na Shepherd walipendekeza kila aina ya ndizi itambulishwe kwa herufi za wazazi wake, A na B. Ndiyo maana mchare huandikwa AA, mzuzu AAB na bokoboko ABB.

Mgomba mwitu wa milima yetu ni Ensete ventricosum, nao si mzazi wa ndizi yoyote tunayokula. Shina lake limetuna sana chini. Kwa kawaida hautoi machipukizi pembeni. Huchanua mara moja, huzaa, kisha hufa. Matunda yake yana nyama kidogo na mbegu kubwa, nyeusi na ngumu. Una kromosomu 18, ilhali Musa acuminata ya mwitu ina 22.

Safari ya jina

Mwaka 1791 Mjerumani Gmelin aliuita mmea huu Musa ensete, akitumia jina la Kiethiopia lililoletwa Ulaya na msafiri James Bruce. Mwaka 1859 Friedrich Welwitsch, aliyekuwa amesomea udaktari, aliuita Musa ventricosa kutokana na mimea aliyoiona Angola. Neno hilo la Kilatini lina maana ya kutuna kama tumbo. Mwaka 1947 Cheesman alionyesha kwamba mmea huu unastahili jenasi yake, Ensete. Kwa kanuni, jina la spishi lililotangulia ndilo hudumu. Lakini kanuni za botania hukataza jina la jenasi kurudiwa kama jina la spishi, hivyo “Ensete ensete” halikuwezekana. Likachukuliwa la Welwitsch, na mmea ukawa Ensete ventricosum.

Jambo hili linatuhusu vipi?

Kwanza, ni usalama wa dawa. Kusini mwa Ethiopia mmea huu ni chakula kikuu cha mamilioni ya watu, na baadhi ya aina zake hutumika kienyeji kutibu mifupa iliyovunjika na kutoa kondo la nyuma. Taarifa hizo haziwezi kuhamishiwa kwenye mgomba wa shambani kwa sababu tu majina yanafanana, wala matumizi ya kienyeji peke yake si uthibitisho wa usalama, hasa kwa mjamzito.

Pili, ni chakula. Bakteria wa mnyauko walitambuliwa kwanza kwenye ensete huko Ethiopia mwaka 1968, kisha kwenye migomba ya nchi hiyo. Mwaka 2001 ugonjwa uliripotiwa Uganda, na baadaye ukafika Kagera. Undugu wa kifamilia, ambao jina la kienyeji haliuonyeshi wazi, ulikuwa dalili kwamba ugonjwa wa mmea mmoja ungeweza kuushika mwingine.

Ushauri

Mgonjwa akitaja dawa ya mgomba mwitu, mtoa huduma aulize mambo manne: mmea ulitoka wapi, je, ulikuwa na machipukizi, mbegu zake zilikuwaje, na ni sehemu gani iliyotumika. Aandike jina la kienyeji kama alivyolisikia, pamoja na lugha yake. Ikiwezekana, mgonjwa alete kipande cha mmea au picha ili wataalamu wa mimea wautambue. Jina la kitaalamu liandikwe baada ya utambuzi huo, si kabla.